Luwero: Fimbo Ilipungua, Maumivu Yakabaki

Katikati ya mwaka 2014, watafiti walirudi katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, kaskazini mwa Kampala, wakawahoji watoto mmoja mmoja, mbali na masikio ya walimu na ya wenzao. Waliuliza mengi. Moja lilikuwa hili: wiki iliyopita, kuna mwalimu au mfanyakazi wa shule aliyekupiga au kukuumiza mwili? Katika shule 21 ambazo walimu wake walikuwa hawajapata mafunzo ya kuacha fimbo, watoto 924 kati ya 1,899 walisema ndiyo. Katika shule 21 ambazo walimu wake walikuwa wamefanyia kazi mafunzo kwa miezi 18, walisema ndiyo 595 kati ya 1,921. Ni asilimia 48.7 upande mmoja, na 31.0 upande wa pili.

Matokeo haya, yaliyochapishwa mwaka 2015 na kundi la watafiti likiongozwa na Karen Devries wa chuo cha afya cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, yalipokewa kwa furaha, na yalistahili furaha hiyo. Ni mara chache sana kuona mafunzo ya walimu yakipunguza fimbo kwa kiasi hicho, tena yakiwa yamepimwa kwa shule zilizogawanywa kwa bahati nasibu. Watoto wa shule zilizofunzwa walisema pia kwamba wanajisikia salama zaidi shuleni. Ila dodoso lilikuwa na sehemu nyingine, iliyopima hali ya akili ya mtoto: huzuni, hofu, hasira, kutotulia, matatizo na wenzake. Hapo shule zilizofunzwa na zisizofunzwa hazikutofautiana.

Mimi huwafundisha walimu wa shule za msingi, na kila ninapoandaa mafunzo kuhusu afya ya akili ya watoto narudi kwenye kisa hiki cha Luwero. Wengi hukisoma nusu. Ama wanabeba ile 31.0 na kuipigia makofi, ama wanabeba lile la hali ya akili na kusema mafunzo hayasaidii. Ukivisoma vyote viwili pamoja, kisa kinakuambia kwa usahihi kabisa mwalimu anaweza kubadilishwa nini, na nini hakiwezi kubebwa na mwalimu peke yake.

Mahali na watu

Luwero iko kwenye barabara kuu iendayo Gulu. Ukitoka Kampala unapita Bombo, kisha Wobulenzi, ndipo unaingia mji wa Luwero. Ni nchi ya kahawa na mananasi, na lugha ya nyumbani ni Kiganda. Kati ya 1981 na 1986 hapa ndipo palikuwa kitovu cha vita ya msituni iliyomwingiza Museveni madarakani. Raia wengi waliuawa na vijiji vikahamwa. Kiswahili chetu hiki, kwa wazee wengi wa Buganda, kilikuwa lugha ya askari.

Vita hiyo naitaja kwa sababu moja. Mwalimu aliyekuwa na miaka 40 utafiti ulipoanza mwaka 2012 alikuwa na miaka 9 mapigano yalipoanza, na 14 yalipokwisha. Tunapomwambia mwalimu wa umri huo, mzaliwa wa Luwero, ajifunze kuona maumivu ya mtoto, tunazungumza na mtu ambaye utoto wake ulipita mle mle. Sijaona mafunzo mengi yanayoanza kwa kumpa mwalimu nafasi ya kulisema hilo. Tunamkabidhi kalamu, daftari na soda, tunaanza na malengo ya semina.

Halafu kuna idadi. Uganda ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 1997, na katika mwaka mmoja wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Madarasa yalijaa kuliko walimu. Fimbo ilikuwapo kabla ya hapo, lakini mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake na chaki mkononi aliiona kama chombo cha kazi.

Sheria ilijaribu. Wizara ya Elimu ya Uganda ilipiga marufuku viboko shuleni kwa waraka wa mwaka 2006, na baadaye, 2016, marufuku hiyo ikaingia kwenye Sheria ya Watoto. Lakini watafiti walipopita kwa mara ya kwanza mwaka 2012, miaka sita baada ya waraka, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule, na zaidi ya nusu walisema ilitokea ndani ya wiki iliyopita. Kenya ilifuta fimbo shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au aliyemteua, na viandikwe kitabuni. Anayejua paredi ya asubuhi ya shule ya msingi, mwalimu wa zamu akiwa getini na waliochelewa wamepanga mstari, anajua kitabu hicho kinafunguliwa mara ngapi.

Walichofanya shuleni

Mafunzo yaliandaliwa na Raising Voices, shirika la Kampala lililoanzishwa mwaka 1999. Waliyaita kwa Kiingereza Good School Toolkit. Kwa maneno yetu tungeita kifurushi cha shule njema. Kuna jambo moja ambalo mashirika mengi hulikosa: hawakumchukua mwalimu mmoja kumpeleka semina ya siku tatu hotelini kisha wakamrudisha peke yake kwenye ofisi ya walimu ileile.

Kila shule ilichagua walimu wawili wa kuongoza kazi, na wanafunzi nao wakawa na wawakilishi wao. Hao walipata mafunzo ya mwanzo, kisha wafanyakazi wa shirika wakawa wanawatembelea shuleni na kuwapigia simu. Shule ilipewa vijitabu, mabango na miongozo ya shughuli zipatazo 60, zikiwa zimepangwa katika hatua sita. Haikuongezewa mwalimu wala kujengewa darasa. Shughuli zenyewe ni za kawaida: walimu na wanafunzi kuandika pamoja kanuni za mwenendo za shule, kuwa na baraza la wanafunzi na mahakama ya wanafunzi ya kusuluhisha ugomvi, sanduku la maoni, maandishi na michoro ukutani, na kumsifu mtoto hadharani anapofanya vizuri. Mwalimu alijifunza njia nyingine za nidhamu, na zaidi ya kuzisikia, alizifanyia mazoezi na wenzake.

Kwa nini hili lilifanya kazi pale ambapo waraka wa 2006 ulishindwa? Mahojiano ya kina yaliyofanywa baadaye na walimu, wanafunzi na wazazi yalionyesha kwamba uhusiano ndio uliobadilika kwanza. Mwalimu aliyemsifu mtoto akaona mtoto anamsogelea. Mtoto aliyesogea akauliza swali. Fimbo ikaanza kukosa kazi. Uchambuzi mwingine uliona kwamba kadiri wanafunzi walivyoshiriki zaidi shughuli za kifurushi, ndivyo kipigo kilivyokuwa kidogo.

Nimekaa kwenye ofisi za walimu za kutosha kujua nguvu ya hilo la shule nzima. Mwalimu kijana anayerudi kutoka semina akisema hatachapa tena huulizwa na wakubwa wake, kwa upole kabisa, darasa lake litatulia vipi. Baada ya wiki mbili kelele za darasa lake zinasikika ofisini, na yeye mwenyewe anaanza kujiona ndiye aliyekosea. Luwero walimwondolea upweke huo. Kanuni ikiwa imebandikwa ukutani, mkuu wa shule ameisaini, watoto wanaijua kwa moyo na mwenzako wa meza ya pili anaifuata, kuacha fimbo hakuonekani tena kama udhaifu wa mtu mmoja.

Hata hivyo rudi kwenye namba. Asilimia 31.0 ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu, aliyepigwa au kuumizwa ndani ya wiki moja, katika shule ambako mafunzo yalifanikiwa. Baadhi ya walimu waliendelea kuamini kwamba kiboko kidogo cha hapa na pale kinahitajika. Siwahukumu; wengi wao walilelewa hivyo na wakafika walipofika. Lakini ukiwa ndiye yule mmoja kati ya watatu, kwamba wenzako wawili wamenusurika hakukuponyi.

Kwa nini hali ya akili haikubadilika

Hapa nataka kukaa, maana ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi.

Chombo kilichotumika kupima ni dodoso la maswali 25 lililotungwa na daktari wa afya ya akili ya watoto wa Uingereza, Robert Goodman, mwaka 1997, linalotumika nchi nyingi. Linauliza kama mtoto ana wasiwasi mara kwa mara, kama analia, kama anaumwa kichwa au tumbo bila sababu inayojulikana, kama ana rafiki hata mmoja, kama anapigana, kama anashindwa kutulia. Kuna wanaosema dodoso la namna hiyo halikushika lugha ya maumivu ya mtoto wa Kiganda. Inawezekana kwa sehemu. Lakini mimi siegemei hapo, kwa sababu ni rahisi mno kulaumu kipimo kila jibu lisipopendeza.

Naegemea kwenye mafunzo yenyewe. Yalimfundisha mwalimu kuacha kuumiza. Hayakulenga kumfundisha amtambue mtoto aliyeumizwa kwingine, akae naye, na kumfikisha kwa mtu wa kumsaidia. Hizo ni kazi mbili. Ya kwanza inahitaji mwalimu azuie mkono wake na abadilishe sauti yake. Ya pili inataka aone kile ambacho mtoto anakificha, na mtoto hufanya bidii kubwa sana kuficha.

Fikiria maneno tuliyo nayo sisi kwenye ofisi ya walimu. Tuna mtundu, mkaidi, mjeuri, mvivu, mtoro, mzito, mropokaji. Kwenye ripoti za muhula tunaandika "aongeze bidii" na "anaweza akitaka". Maneno yote hayo yanaeleza mtoto anavyomsumbua mwalimu. La kueleza mtoto anavyosumbuka mwenyewe hatuna lililozoeleka, isipokuwa "mpole", na mpole tunalitoa kama sifa. Mtoto aliyeacha kucheza, anayekaa dawati la nyuma bila kusema neno tangu Januari, tunamsifu mbele ya mzazi kwa upole wake. Msamiati wa kitaalamu upo, sonona na msongo wa mawazo tunavisikia redioni, lakini tunavifikiria kama vitu vya watu wazima. Na "ugonjwa wa akili" mwalimu akilitamka mbele ya mzazi, mzazi anasikia kichaa, mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa hiyo mafunzo yakiacha msamiati huo ulivyo, mwalimu asiyechapa ataendelea kumwona mtoto yuleyule kwa jicho lilelile. Atamwita mtoro bila kumchapa. Ni nafuu kubwa kwa mwili wa mtoto. Kwa kilichomfanya atoroke, hakuna kilichogusa.

Na vinavyomtorosha mara nyingi viko nje ya geti. Njaa, kufiwa, baba mlevi, mtu mzima wa nyumbani anayemgusa asikotaka kuguswa. Mafunzo ya miezi 18 kwa walimu hayana namna ya kuyafuta hayo, na ni kutowatendea haki kuwapima kana kwamba yangeweza.

Watoto 434

Katika mahojiano ya 2014, watoto 434 walieleza mambo yaliyowalazimu watafiti kupeleka majina yao kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Tafadhali usiipite namba hii haraka. Watoto hawa walikuwa wanakuja shuleni kila siku, wakipita mbele ya walimu wao, wakiitwa majina kwenye mahudhurio. Walikuja kusema kwa mgeni.

Kwa nini kwa mgeni? Aliwakalisha mahali pa faragha. Aliwauliza moja kwa moja, kwa lugha yao, bila kuzungushazungusha. Hakushtuka wala kuhubiri. Na kila mtoto, awe amesema jambo zito au hakusema, alipewa nafasi ya kuzungumza na mshauri baadaye, kwa hiyo kwenda kwa mshauri hakukumtia mtoto alama mbele ya wenzake. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji shahada ya saikolojia. Mwalimu wa darasa anaweza kuyafanya karibu yote, akifundishwa na akipewa chumba na dakika ishirini. Kumkalisha mtoto chini ya mwembe huku nusu ya shule inatazama si faragha, na mtoto analijua hilo kabla yetu.

Lakini lililofuata baada ya watoto kusema ndilo linalonikosesha usingizi, na linatoka kwenye awamu ya kwanza, mwaka 2012. Wakati ule watoto 529, asilimia 14 ya waliohojiwa, walipelekwa majina yao kwenye huduma za wilaya. Watafiti walifuatilia kila mmoja alifanyiwa nini. Waliopata hatua inayotosha, maana yake mpango uliwekwa na kitu kikafanyika kweli, walikuwa 20. Ishirini, asilimia 3.8.

Sisemi maofisa wa Luwero hawakuwa na moyo. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya katika nchi zetu mara nyingi ni mtu mmoja mwenye wilaya nzima, pikipiki ya kugawana na bajeti ya mafuta inayoisha katikati ya robo mwaka. Polisi wana dawati la watoto wakati mwingine, na wakati mwingine dawati ni meza tu. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Butabika, iko Kampala, zaidi ya kilomita 60 kutoka Luwero, na kwa mzazi wa kijijini neno Butabika lenyewe linatisha kuliko umbali.

Sasa jiweke mahali pa mwalimu. Umefundishwa kusikiliza, umesikiliza, msichana wa darasa la sita amekuambia kitu. Umemwahidi msaada. Umeandika, umepeleka, hakuna aliyekuja. Msichana anakutazama kila asubuhi kwenye paredi. Mwalimu anayepitia hilo mara mbili haulizi tena mara ya tatu, na simlaumu. Kufundisha mwalimu kuuliza bila kumtengenezea pa kupeleka jibu ni kumwumiza yeye na mtoto pamoja.

Nyarugusu, kwa kulinganisha

Kuna kisa cha upande wetu kinachosaidia kukiona vizuri cha Luwero. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo na baadaye kupokea Warundi wengi, yalijaribiwa mafunzo mengine yaliyoitwa EmpaTeach. Walimu walikutana kwa vikundi kwa majuma kumi, wakiongozwa na wenzao, wakijifunza kutuliza hasira zao, kupanga darasa na kumwelewa mtoto. Wazo lilikuwa zuri, na kwa namna fulani lilikuwa karibu zaidi na akili kuliko lile la Luwero, maana lilianza na hisia za mwalimu mwenyewe. Matokeo yaliyotoka 2021 hayakuonyesha kwamba kipigo cha walimu kilipungua.

Mazingira yanatofautiana sana, nami sitaki kuyalinganisha kama mizani ya dukani. Mwalimu wa Nyarugusu ni mkimbizi pia, ana posho ndogo, darasa limefurika, na kwa Mrundi kulikuwa na swali la kila siku la lini atarudishwa. Lakini naona kitu kimoja: kule walibadilisha kikundi cha walimu, Luwero walibadilisha shule yenyewe, watoto wakiwamo. Mtoto wa Luwero alijua kanuni ya shule yake na angeweza kumkumbusha mwalimu. Hilo halifanywi na kikundi cha walimu peke yao, hata wakikutana majuma mia.

Ninachokifanya tofauti

Kwa sababu ya kisa hiki nimebadilisha mpangilio wa mafunzo ninayoendesha. Siku ya kwanza siendi shuleni. Naenda kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu, nawauliza mwaka uliopita walipokea watoto wangapi kutoka shule hizi na walifanyiwa nini. Tukikuta njia imeziba, tunaanza kuizibua hapo, hata kama ni kukubaliana tu nani anapigiwa simu na lazima ajibu ndani ya siku ngapi. Shule moja yenye njia fupi inayopitika ni bora kuliko shule kumi zenye fomu nzuri.

Ndipo tunakwenda shuleni, wote, mpishi na mlinzi wakiwamo, kwa kuwa watoto wengi husema kwanza jikoni. Kuhusu fimbo tunafuata njia ya Luwero bila aibu ya kuiga. Baada ya hapo tunaingia kwenye lile ambalo Luwero halikuwamo: tunachukua orodha ya darasa, jina kwa jina, mwalimu anataja mtoto gani amebadilika tangu muhula uliopita. Hatumtaji msumbufu ni nani, tunataja aliyebadilika. Swali hilo dogo huleta ukimya mrefu. Mara nyingi mwalimu anashika jina moja, anasema "huyu nilidhani ametulia," kisha anabaki ameishika kalamu.

Na mwalimu mwenyewe anapewa saa moja ya kusema ya kwake, asiyetaka asiseme. Wa miaka 40 wa Luwero ndiye aliyenifundisha hilo, ingawa sijamwona.

Zile shule 21 zilizosubiri zilipewa mafunzo baada ya utafiti kwisha, kama zilivyoahidiwa. Waliokuwa darasa la saba katika shule hizo mwaka 2014 walikuwa darasa la tano watafiti walipopita mara ya kwanza mwaka 2012. Novemba walifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wakaondoka.